Paka akikwama kuzaa

*Daktari, paka wangu ana mimba tena. Mara iliyopita alisukuma kutoka magharibi hadi saa nne usiku, watoto wakatoka wamekufa. Jirani anasema safari hii ninunue oksitosini ya ng'ombe agroveti nimchome. Ni sawa? — Mama wa Kiminini, Kitale*

Pole, mama. Sindano hiyo iache kabisa. Mtoto akiwa amekaa vibaya, au ni mkubwa kuliko njia, oksitosini hukaza mji wa mimba nao unaweza kupasuka. Mara nyingi shida ni misuli ya mji wa mimba kulegea au kuchoka. Hapo daktari, baada ya kumpima, hutoa kalisi na oksitosini kidogo mno. Zikishindwa, ni upasuaji.

Kutanguliza miguu ya nyuma kusikutishe. Paka wengi huzaliwa hivyo. Hata kupumzika saa nzima kabla ya mtoto anayefuata ni kawaida, mradi mama ametulia. Ila akisukuma kwa nguvu dakika 20 hadi 30 bila kitu, akivuja damu nyingi au uchafu wa kijani kabla ya mtoto wa kwanza, piga simu usiku huo huo. Tafuta sasa namba ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa, Kitale au hata Bungoma, na uulize kama anapasua paka. Wengine hushughulika na ng'ombe tu. Mtoto akining'inia nusu, usimvute kwa nguvu.