Mpiga Besi Asiye na Jina: Hamu ya Zamani katika Filamu ya That Thing You Do!

Utangulizi

Simulizi yoyote ya kumbukumbu huchagua. Msimulizi anayeyatamani ya zamani huyatia nuru baadhi ya mambo na mengine huyaacha gizani. Makala haya yanaichunguza kawaida hiyo katika That Thing You Do!, filamu iliyoandikwa na kuongozwa na Tom Hanks mwaka 1996, kisha yanailinganisha na historia ya muziki wa Nairobi ya miaka ya 1960. Swali la msingi ni moja: simulizi ya kundi la wanamuziki inapoitukuza zamani, ni nani anayetajwa na ni nani anayesahauliwa?

Msuko

Hadithi inatukia mwaka 1964 mjini Erie, jimbo la Pennsylvania, Marekani, wakati The Beatles wamekwisha kuwatia vijana wazimu wa magitaa. Mpiga ngoma wa kundi dogo la roki anavunjika mkono. Guy Patterson, kijana anayeuza vyombo vya umeme dukani kwa baba yake, anachukua nafasi hiyo. Katika shindano la vipaji anaupiga kwa kasi wimbo ambao mtunzi wake, Jimmy, aliukusudia uwe wa polepole, na ukumbi mzima unacheza. Kuanzia hapo msuko unapanda ngazi kwa ngazi: santuri, redio, mkataba na kampuni ya kubuni iitwayo Play-Tone, ziara, televisheni. Hata hivyo, upeo wa furaha hauko kwenye televisheni. Uko pale vijana wanapousikia wimbo wao redioni kwa mara ya kwanza, wakakimbia hadi dukani kwa kina Guy.

Anguko ni la haraka. Kampuni inataka nyimbo za watu wengine; Jimmy anataka kurekodi zake, anajiuzulu, na kundi linavunjika.

Suala la Jina

Mwishoni, maandishi yanaeleza hatima ya kila mwanakundi. Kuhusu mpiga besi tunaelezwa kwamba alijeruhiwa Khe Sanh katika vita vya Vietnam. Lakini mhusika huyu hapewi jina tangu mwanzo hadi mwisho. Hata orodha ya waigizaji inamtambulisha kwa kazi yake tu. Bila shaka ni mzaha wa mwandishi, ila ni mzaha unaofichua jambo. Aliyelipa gharama ya zama hizo kwa mwili wake ndiye asiye na jina.

Mfano wa Nairobi

Katika miaka hiyohiyo, studio ya Equator Sound jijini Nairobi ilikuwa na bendi yake, iliyowakusanya Fadhili William, Daudi Kabaka na Wazambia Nashil Pichen na Peter Tsotsi. Hapa pia nyimbo zilipaa. "Helule Helule" ya Kabaka iliimbwa upya na The Tremeloes wa Uingereza mwaka 1968. "Malaika", aliyoirekodi Fadhili William, ilienea duniani kwa sauti ya Miriam Makeba na baadaye kundi la Boney M. Hata hivyo, utunzi wake umebishaniwa kwa miaka mingi. Wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi ni Adam Salim wa Tanzania. Fadhili na Kabaka waliaga dunia mwaka 2001, na ubishi ukabaki. Mwalimu anayeufundisha wimbo huo kwa tamathali zake pekee, bila kuutaja mgogoro huu, anaunga mkono usahaulifu uleule.

Hitimisho

Suala hili haliishii mijini. Mwanafunzi anayetoka Korbesa, katika Kaunti ya Isiolo, anaifahamu fasihi simulizi ya Waborana, ambamo nyimbo za kusifu ng'ombe hupokezwa kwa mdomo. Akizikusanya kwa ajili ya tasnifu yake na kuandika tu kwamba ni "nyimbo za jamii", atakuwa amemfanya mwimbaji kuwa mpiga besi mwingine. Huenda mtunzi wa kwanza asijulikane kamwe. Lakini aliyeuimba wimbo mbele ya mtafiti anajulikana. Kwa idhini yake, jina lake na liandikwe, pamoja na mahali na tarehe.