Thunderbird ifanye kazi chinichini wakati wewe unatoa kopi

Steshenari yangu hapa Magindu inachapa, inatoa kopi na kutuma maombi ya kazi ya vijana, wengi wao siku hizi macho yao yako Kwala kwenye bandari kavu. Majibu huja kwa barua pepe. Taarifa za zabuni za NeST, ule mfumo wa ununuzi wa umma, vilevile. Mtu akiitwa usaili kesho asubuhi, nawe ukausoma ujumbe kesho mchana, utamwambia nini mama yake?

Ndiyo maana Thunderbird kwangu iko hewani tangu nafungua duka hadi nafunga. Ni programu ya bure ya barua pepe, toleo lake la 1.0 lilitoka 2004, na barua inashuka kwenye kompyuta yenyewe, kwa hiyo mtandao ukikatika bado inasomeka.

Adui wa kwanza ni alama ya X pale juu kwenye kona. Mimi siigusi, nabofya kile kistari cha kushusha dirisha. Kwenye Settings, sehemu ya General, weka tiki panaposema programu ikishushwa ihamie kwenye trei. Itajificha kule chini karibu na saa, na mteja aliyekuja kuandika barua yake hataiona, basi hataifunga.

Ili ijiwashe asubuhi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:startup, kisha bandika njia ya mkato ya Thunderbird kwenye folda itakayofunguka. Ibofye kulia, ingia Properties, na kwenye Run chagua Minimized.

Sasa usingizi. Kompyuta ikilala, Thunderbird nayo imelala, hata ungeipanga vipi. Nimeweka isilale kabisa ikiwa kwenye chaji. Umeme ukikatika naiacha ilale, maana chaji iliyobaki ni ya kumalizia kazi ya aliyesimama mbele yangu.

Kinachowatisha wengi ni bando. Kukagua barua kila dakika 10 hakuli kitu cha maana. Kinachokula ni viambatisho, mikataba iliyoskaniwa kurasa ishirini. Kwenye mipangilio ya akaunti, chini ya Disk Space, nimezuia isishushe ujumbe unaozidi KB 200. Kichwa cha barua na jina la mtumaji bado vinaonekana, na mzigo wenyewe naushusha mhusika akija. Halafu nenda kwenye Windows uiambie kuwa Wi-Fi ya simu yako ni ya kulipia kwa kipimo, yaani metered. Bila hivyo masasisho ya Windows yatamaliza bando la wiki, na lawama utaitupia Thunderbird bure.

Barua za kutoka ni habari nyingine. Mtandao ukisumbua, bonyeza Ctrl, Shift na Enter kwa pamoja. Barua inakaa Outbox. Usidhani itatoka yenyewe kwa sababu programu inafanya kazi. Mtandao ukitulia, ingia File, bofya Send Unsent Messages, kisha uhakikishe Outbox imebaki tupu kabla hujampigia mteja kumwambia imekwenda.