Mgeuze kabla ngozi haijachubuka

Wadogo zangu, wengi mnaniuliza dawa ya kupaka kidonda cha mgonjwa aliyelala muda mrefu. Dawa sina haraka nayo. Mwili ukilalia upande mmoja kwa saa nyingi, nyama hubanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, na nyama hufa. Ndiyo maana vidonda hivi hutokea penye mifupa: juu ya makalio, nyongani, visiginoni, hata kisogoni. Mkojo ukilowesha ngozi, au mgonjwa akiburutwa kwenye shuka, huja upesi zaidi.

Basi mgeuze kila baada ya saa 2, usiku pia. Usiku unachosha, najua, na kazi hii kuachiwa binti mmoja wa nyumba si haki. Kaka zenu nao wana mikono, pangianeni zamu. Mnyanyueni wawili kwa shuka, mumlaze nusu ubavu, mto mgongoni na mwingine chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Aliye kwenye kiti cha magurudumu asaidiwe kubadili mkao kila dakika 15 hadi 30.

Unapomwogesha, kagua ngozi. Kwa weusi wetu usisubiri wekundu. Tafuta palipokolea rangi, penye joto au ubaridi kuliko pembeni, pagumu au palipolegea. Hapo pasilaliwe tena, wala pasichuliwe! Wengi huchua wakidhani wanarudisha damu, kumbe wanaumiza nyama iliyokwisha dhoofu. Pete ya mpira ya kukalia nayo iacheni, maana hubana damu kuzunguka palepale mnapotaka kupaokoa.

Kidonda kikishafunguka, kioshwe kwa maji ya chumvi kidogo yaliyochemshwa yakapoa, kisha kifunikwe. Spiriti, majivu na dawa ya meno, hapana. Mgonjwa ale mayai, dagaa, maharage. Nyama mpya haioti kwa uji mtupu.

Kinachoniuma ni familia zinazoficha kidonda wageni wasije wakasema mgonjwa hakutunzwa. Christopher Reeve, mwigizaji wa Superman aliyepooza mwaka 1995, alikuwa na wauguzi wake nyumbani, na bado alipofariki mwaka 2004 alikuwa akitibiwa maambukizi ya kidonda cha namna hii. Kwa hiyo ukiona usaha, harufu, homa au nyama nyeusi, mpeleke hospitali leo hii. Usingoje kesho, mdogo wangu.