Somo: Mgeni katika Nyumba ya Tajiri

Michezo ya televisheni ya Marekani kuhusu vijana matajiri mara nyingi huanza na mgeni. Katika "Beverly Hills, 90210" (1990–2000), ndugu mapacha wanahamia California kutoka Minnesota. Katika "The O.C." (2003–2007), Ryan, kijana maskini wa Chino, anapokewa na wakili Sandy Cohen nyumbani kwake Newport Beach.

Twajifunza nini? Kwanza, Wamarekani wengi huamini kwamba mtu aweza kuanza upya na kupanda kwa juhudi yake. Pili, majumba na magari huonyeshwa kuwa alama za kufaulu. Lakini angalieni: Ryan hakupanda peke yake; alifunguliwa mlango.

Swali la kuzungumza nyumbani: sisi tumemfungulia nani?