Moyo wa Kijana Mwanamichezo: Kijitabu cha Familia

Tarehe 26 Juni 2003, katika nusu fainali ya Kombe la Mabara mjini Lyon, kiungo wa Cameroon Marc-Vivien Foé alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu. Alikuwa na miaka 28. Uchunguzi wa mwili ulionyesha kwamba msuli wa moyo wake ulikuwa umenenepa kupita kiasi, ugonjwa ambao kwa kawaida hurithiwa. Miaka saba kabla ya hapo, Nwankwo Kanu wa Nigeria alifika Inter Milan akiwa ametoka kuchukua dhahabu ya Olimpiki ya 1996, na madaktari wa klabu wakagundua hitilafu kwenye valvu ya moyo. Akapasuliwa, akapona, akacheza tena kwa miaka mingi.

Kijana wako hachezei Inter. Anacheza mchangani, au yuko timu ya shule inayojiandaa na UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, na benchi lao lina ndoo ya maji na kocha tu. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya daktari wa klabu ni kuuliza maswali, na hayo yanaweza kuulizwa nyumbani bila shilingi kutoka.

Hatumwambii mzazi amkataze mtoto michezo. Mazoezi hupunguza hatari ya presha, kisukari na unene, na vifo vya ghafla uwanjani ni vya nadra. Kinachouma ni kwamba baadhi ya vifo hivyo vilipiga hodi mapema, ila waliosikia hodi wakadhani ni upepo.

Maswali ya nyumbani

La kwanza: umewahi kuzimia, au kukaribia kuzimia, ukiwa unakimbia? Aliyezimia kwa kusimama muda mrefu juani kwenye gwaride la shule mara nyingi hana tatizo kubwa. Aliyedondoka katikati ya mbio ni habari nyingine, na asirudi mazoezini mpaka apimwe. Uliza pia kuhusu maumivu ya kifua wakati wa mazoezi, moyo kwenda mbio bila sababu, na kuishiwa pumzi kuliko wenzake wa rika moja. Usiulize kwa ukali. Vijana huficha haya kwa kuogopa kuachwa kwenye kikosi, na wakati mwingine ukweli wanao marafiki zao.

Hapa ndipo tunapopotea sana. Kijana akianguka, akakakamaa na kutikisika, watu husema kifafa. Wengine husema pepo, au timu pinzani imemtupia kitu. Lakini moyo ukisimama, ubongo unakosa damu, na mwili unaweza kutikisika vilevile. Wapo waliomeza dawa za kifafa kwa miaka kumbe tatizo lilikuwa umeme wa moyo. Kwa hiyo aliyeanguka akiwa mbioni, au aliposhtuliwa ghafla na kelele, apimwe moyo hata kama ameshaambiwa ana kifafa. Dawa asiziache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Swali la ukoo linataka subira. Ukimuuliza bibi kama kuna mwenye ugonjwa wa moyo katika familia, atakuambia hakuna. Rudi kwa njia nyingine: "Bibi, yule baba mdogo aliyefariki kijana, ilikuwaje?" Hapo ndipo utasikia kwamba alilala mzima hakuamka, au alidondoka shambani, au alizama baharini ilhali ndiye aliyewafundisha wenzake kuogelea. Usipite haraka kwenye habari ya muogeleaji hodari aliyezama: yapo matatizo ya umeme wa moyo yanayoamshwa na kuogelea. Ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya miaka 50 ni jambo la kumwambia daktari. Kwa ule ugonjwa wa msuli kunenepa, mzazi aliyebeba kasoro hiyo ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuirithisha kwa kila mtoto.

Tonsesi nazo zina hesabu yake, hasa kwetu. Koo linalouma kwa sababu ya bakteria lisipotibiwa, wiki chache baadaye mtoto anaweza kupata homa na viungo kuvimba, leo goti, kesho kiwiko. Mzazi husema anakua. Kumbe mwili unashambulia valvu za moyo, na uharibifu huo hugundulika miaka baadaye, pengine pale anapoanza kushindwa kukimbia. Wanaoathirika zaidi ni wa miaka 5 hadi 15. Aliyekwisha kupata homa hiyo hupewa sindano ya penisilini kila wiki 3 au 4 kwa miaka kadhaa, na asiikatize kwa kuwa anajisikia mzima.

Mwenye homa asifanye mazoezi. Baadhi ya virusi hushika msuli wa moyo.

Hospitalini

Anzeni kituo cha afya: kupimwa presha, kusikilizwa moyo, kupapaswa mapigo ya mkononi na kwenye kinena. Kukiwa na shaka, kipimo kinachofuata ni ECG. Kijana hulala kitandani, akabandikwa vishikizo kifuani, mikononi na miguuni, akatulia dakika chache. Nyaya zile hazipigi shoti. Zinasoma tu umeme ambao moyo unautoa wenyewe. Kipimo cha eko hufanana na kile cha wajawazito, jeli ikipakwa kifuani. Vipimo hivi vinapatikana Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta Nairobi, Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, na katika hospitali nyingine kubwa.

Mwambieni anayesoma ECG kwamba kijana ni mchezaji. Mapigo chini ya 60 kwa dakika akiwa ametulia ni kawaida kwake, na kwa wachezaji Weusi mchoro wenye afya unaweza kufanana na wa ugonjwa.

Italia inawapima ECG wanamichezo wote wa mashindano kwa sheria ya 1982, na katika jimbo la Veneto vifo vyao vya ghafla vilishuka kutoka 3.6 hadi 0.4 kwa kila wanamichezo 100,000 kwa mwaka. Marekani hawajailazimisha. Maoni yetu, kwa nchi ambazo wataalamu wa moyo ni wachache, ni maswali kwa kila mchezaji na ECG kwa kila mwenye jibu la kutia shaka. Hata hivyo ECG safi haifuti dalili: akizimia tena mbioni, rudini.

Akianguka uwanjani

Fabrice Muamba, mwanasoka mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani London tarehe 17 Machi 2012. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, naye yu hai, kwa sababu kifua chake kilianza kubonyezwa palepale.

Aliyeanguka bila kugongwa, haitiki, na hapumui au anakoroma kwa kuvuta hewa mojamoja, mhesabuni kuwa moyo umesimama. Msimmwagie maji, na msipoteze muda kumvuta ulimi, haumezi. Mlazeni chali. Mmoja atafute gari na mashine ya kushtua moyo kama ipo karibu. Mwingine apige magoti, aweke kiganja katikati ya kifua na cha pili juu yake, anyooshe viwiko, abonyeze kwa uzito wa mwili: sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, akiachia kifua kirudi juu kila mara. Mkono huchoka upesi, basi mpokezane kila dakika 2. Mbavu ikilia, endeleeni.

Kugundulika na tatizo si lazima iwe mwisho wa michezo. Christian Eriksen wa Denmark aliyeanguka Juni 2021 aliwekewa kifaa kifuani na mwaka uliofuata akacheza tena, ingawa si kila ugonjwa unaruhusu hivyo, na ni daktari wa moyo anayeamua. Mwenye tatizo la umeme wa moyo ataje hali yake kila anapoandikiwa dawa, zikiwemo za malaria, maana baadhi humwongezea hatari. Na ndugu zake wa tumbo moja na wazazi wake wapimwe pia, hata wale ambao hawajawahi kugusa mpira.