Kazi ya Kuokoa Wagonjwa Njiani

Fikiri jambo hili. Pikipiki imeanguka karibu na soko. Kijana amelala chini, akiitwa haitiki. Watu wanakimbia. Mmoja anamwagia maji usoni. Wengine wanamshika mikono na miguu, wanamwinua kama mfuko wa muhogo na kumweka juu ya pikipiki nyingine, katikati ya watu wawili, kichwa kikining'inia. Wanafanya haraka kwa sababu ya huruma. Wakifika hospitali, munganga anaona ya kuwa pumzi ilikwisha njiani. Ulimi ulirudi nyuma ukaziba koo. Jeraha lake halikuwa la kumwua. Alikosa mtu mmoja wa kumfungulia njia ya pumzi, na kazi hiyo yataka mikono miwili tu, tena mikono iliyofundishwa.

Somo letu ni juu ya kazi ya mtu huyo aliyekosekana. Si munganga, wala si dereva tu. Ni mtu aliyejifunza kumtunza mgonjwa pale pale alipoanguka, na kuendelea kumtunza njiani mpaka mlango wa hospitali. Labda wewe unayesoma haya ukingoja zamu yako barazani unaye mwana au binti atakayeifaa.

Usidhani ya kuwa nchi za matajiri zilikuwa na kazi hii tangu zamani. Tuutazame mji wa Pittsburgh katika Marekani. Mpaka miaka ya 1960, mtu akiugua ghafula huko, polisi walikuja na motokari yao, ile ile ya kuchukulia wafungwa. Walimlaza nyuma, wao wakaketi mbele, wakaendesha mbio. Mgonjwa alikuwa peke yake. Katika miji mingine ya Marekani motokari ya kuchukulia maiti ndiyo iliyochukua na wagonjwa. Mwenye motokari hiyo hakukosa kazi, mgonjwa apone asipone.

Mwezi wa Novemba 1966, David Lawrence, aliyekuwa zamani gavana wa jimbo la Pennsylvania, alianguka akihutubia mkutano mjini humo. Moyo ulisimama. Alichukuliwa na polisi kwa desturi ile ile. Hospitalini moyo ulipiga tena, lakini ubongo ulikuwa umekwisha kuharibika, naye akafa mwezi huo huo. Ukubwa wake haukumfaa kitu. Mwaka huo huo Peter Safar, munganga wa mji huo, alifiwa na binti yake Elizabeth kwa ugonjwa wa pumu. Safar ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1950 ya kuwa kumpulizia mtu pumzi kinywa kwa kinywa kunafaa kuliko desturi ya zamani ya kukandamiza mgongo na kuinua mikono. Munganga wa pumzi, na mtoto wake amekufa kwa kukosa pumzi! Baada ya hayo alishika shauri moja: msaada lazima umfikie mgonjwa kabla ya mgonjwa kuufikia.

Ni nani angefanya kazi hiyo? Hapa ndipo penye ajabu. Katika mtaa wa Hill District waliishi watu weusi, wengi wao maskini, na polisi hawakufanya haraka kuwaendea. Mwaka 1967 Safar na wenzake, pamoja na chama cha Freedom House cha watu weusi wa mtaa huo, waliwachagua wanaume wa pale pale. Wengine hawakumaliza shule. Wengine walirudi kutoka vita vya Vietnam. Wengine walikwisha kufungwa gerezani. Mji ulisema juu yao ya kuwa hawafai kuajiriwa.

Walifundishwa saa 300 hivi. Walijifunza jinsi mwili ulivyo ndani: moyo, mapafu, mishipa ya damu, mifupa. Walijifunza kumlaza mgonjwa na kumgeuza bila kupinda shingo, kuzuia damu, kupuliza pumzi, kubonyeza kifua, kuzalisha mama barabarani, na kuendesha motokari bila kumtikisa aliyelala nyuma. Kisha walitiwa hospitalini, katika chumba cha upasuaji na chumba cha wagonjwa wa ghafula, wakashika kwa mikono yale waliyoyaandika daftarini. Aliyekosa cheti cha shule alisaidiwa kukitafuta. Fahamu vizuri: hawakupewa mafundisho mepesi kwa kuwa ni maskini. Walipewa magumu, wakayaweza.

Mwaka 1968 walianza kazi. Mwaka 1972 hesabu ilifanywa juu ya wagonjwa walio katika hatari kubwa: katika kila 100, watu wa Freedom House walitoa msaada uliofaa kwa 89, polisi kwa 38. Mwaka 1974 akaja munganga Nancy Caroline kuwaongoza. Alipanda motokari pamoja nao usiku, na kutokana na kazi hiyo aliandika kitabu cha mafundisho kilichotoka mwaka 1979, ambacho Marekani yote ilikitumia. Baadaye, katika miaka ya 1980, alifanya kazi Nairobi pamoja na waganga wanaosafiri kwa ndege.

Lakini sitakuficha mwisho wake. Mwezi wa Oktoba 1975 serikali ya mji iliifunga kazi ya Freedom House na kuanzisha yake. Wengi wa wanaume wale wakatolewa polepole kwa mitihani na amri mpya, na watu wapya wakawekwa juu ya wale waliokuwa walimu wa kazi hiyo. Lilikuwa jambo baya. Hata hivyo, walichokijua hakikutolewa mikononi mwao, na namna yao ya kufundisha ilienea.

Sasa turudi kwetu Kongo. Kijana, kama unataka kazi hii, mlango ulio karibu ni shule ya wauguzi: ITM kwa cheti cha A2, au ISTM kwa masomo ya juu zaidi. Ukiwa mwuguzi, omba kuwekwa katika chumba cha wagonjwa wa ghafula, hata kama wenzako wanakikimbia. Kama huna karo sasa, usikae bure. Msalaba Mwekundu hufundisha watu wa kujitolea msaada wa kwanza. Waulize walio karibu nawe. Mafundisho hayo hayatakupa mshahara, lakini utajua upesi kama moyo wako unaweza.

Maana si kila moyo unaweza. Utaitwa usiku wa mvua. Utaona damu ya watoto. Wengine watakufa mikononi mwako ingawa umefanya yote sawasawa, na jamaa zao watakupigia kelele. Utajifunza pia kusimama kidogo kabla ya kumkimbilia mgonjwa, uangalie kama motokari nyingine inakuja, uvae mipira ya mikono. Waliotunza wagonjwa wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, tangu 2018 mpaka 2020, wanajua ya kuwa mwenye haraka asiyejilinda huongeza mgonjwa wa pili.

Ukitaka kujipima, jaribu neno hili nyumbani leo. Lakini usilijaribu juu ya mtu mzima wa afya, maana utamwumiza. Jaza mfuko mchele au mahindi, uweke chini, upige magoti kando yake. Weka kiganja katikati ya mfuko, na kiganja cha pili juu yake, viwiko vimenyoka. Bonyeza kwa nguvu, kama urefu wa sentimeta 5, kisha uachie kabisa, tena na tena, mara 100 mpaka 120 kwa dakika moja. Ndivyo tunavyofanya kwa mtu mkubwa ambaye haitiki na havuti pumzi sawasawa. Mwenye kujua kupuliza pumzi hupuliza mara 2 baada ya kila mara 30. Moyo ukisimama, ubongo huanza kuharibika baada ya dakika 4 hivi. Mwenzako ashike saa. Mbele ya dakika 2 kwisha mikono itatetemeka na jasho litatoka. Basi mpishe mwenzako abonyeze, nawe ushike saa, na mfuko usikae bila kubonyezwa mnapobadilishana.