Kusafisha na Kutambua Visukuku

Mwanafunzi wa Msanzi asitarajie visukuku katika miamba mingi ya uwanda wa juu wa Ufipa, kwa kuwa iligeuzwa kwa joto na mgandamizo kabla ya wanyama wenye mifupa kuwako. Hana budi kuteremkia miamba-tabaka ya Bonde la Rukwa. Humo, eneo la Nsungwe, kilipatikana kipande cha taya chenye jino moja. Jino hilo lilitosha kumtambulisha Nsungwepithecus, jamaa wa kale wa nyani na tumbili, aliyeishi miaka milioni 25 iliyopita na kutangazwa mwaka 2013. Lingekwanguliwa kwa msumari, asingejulikana.

Kwa hiyo bonge la jiwe lililoliwa na mvua lisipondwe kwa nyundo. Andika kwanza mahali na tabaka lilipookotwa. Ndipo uondoe udongo kwa brashi laini, na baadaye kwa sindano isiyoelekea kisukuku. Kibanzi cha jiwe kikitoa povu kwa tone la siki, kiunganishi chake ni chokaa. Tone hilo lisiguse mfupa: asidi huula.

Mfupa una vitundu vingi kama sifongo. Jino lina ngozi ngumu ing'aayo. Kuchimba bila leseni kumekatazwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964.